Nakala Iliyolala Sandukuni

Familia ya askari haikai mahali pamoja. Mwaka huu wamo katika kota za kambi ya mpakani, mwaka ujao uhamisho umewafikisha mkoa mwingine, na mwaka wa tatu baba yuko Mogadishu na kikosi cha kulinda amani, hali mama na watoto wamerudi kwa wazee. Katika safari zote hizo kitanda kiliweza kuuzwa na meza ikaachiwa jirani, lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakikuachwa nyuma kamwe, nacho ni lile sanduku la bati lenye kufuli. Humo zilikaa barua ya kuandikishwa kazini, cheti cha ndoa, kadi za kliniki za watoto, vyeti vya shule, hati ya kiwanja na karatasi yenye majina ya warithi. Sanduku lilikuwa zito, lilishika kutu, na panya walilizunguka usiku wakitafuta tundu. Hata hivyo mama wa nyumba alijua lilipo, na ufunguo aliufunga katika pindo la kanga yake.

Siku hizi sanduku hilo limehamia ndani ya simu ya mkononi. Vyeti hupigwa picha, hati ya mshahara huletwa kwa mtandao, na picha za arusi ambazo zamani zilibandikwa katika albamu sasa hazina karatasi hata moja. Hapana ubaya katika hilo. Walakini sanduku jipya lina tabia zake, na yafaa zijulikane. Halishiki kutu, bali laweza kupotea lote kwa dakika moja, likitumbukia majini, likiibwa katika kituo cha basi, au likifungwa kwa alama ya kidole cha mtu ambaye hayupo tena duniani. Tena sanduku la bati lilikaa uvunguni bila kudai chochote, ilhali hili jipya hula umeme mchana na usiku, hapo nyumbani na katika majumba ya mbali ambako nakala zake huwekwa.

Hivyo mwenye nyumba ana mambo mawili ya kufikiri: usalama wa kumbukumbu zake, na gharama ya kuzitunza, kwa mfuko wake na kwa ardhi ambayo watoto watairithi. Wengi hudhani mambo haya mawili hugombana, yaani kwamba anayetaka usalama zaidi hana budi kununua mashine zaidi na kuziacha zikiwaka muda wote. Matukio ya miaka ya karibuni yaonyesha kuwa dhana hiyo si sahihi, na yaliwapata watu wenye fedha na wataalamu wengi kuliko familia yoyote ya kambini.

La karibu zaidi lilitokea Korea Kusini. Jioni ya tarehe 26 Septemba 2025, katika mji wa Daejeon, mafundi walikuwa katika kazi ya kuhamisha betri za akiba ndani ya jengo ambamo serikali ya nchi hiyo iliweka mashine zake za kompyuta. Betri hizo ni za lithiamu, jamaa ya zile zilizomo ndani ya simu ila ni kubwa mno, na kazi yake ni kuziwezesha mashine ziendelee kuwaka umeme unapokatika. Moja ikashika moto, moto ukarukia nyingine, na wazimamoto wakapambana nao kwa muda wa saa 22 hivi. Mifumo zaidi ya 600 ya serikali ilizimika, ya posta na ya vitambulisho ikiwa miongoni mwake.

Mifumo mingi ilirudishwa polepole baadaye, kwa kuwa nakala zake zilikuwako. Lakini ulikuwamo mmoja ambao haukuwa na nakala popote. Huo ulikuwa kabati la mtandaoni la watumishi wa serikali, ambamo kila mtumishi aligawiwa nafasi ya kuweka majalada yake ya kazi. Watumishi wapatao 125,000 walilitumia. Katika wizara inayoshughulikia mambo ya utumishi hali ilikuwa mbaya kupita kwingine, kwa sababu huko watu waliagizwa kuweka kazi zao zote humo, wala wasiziache katika kompyuta za mezani. Walitii agizo, na utiifu wao ndio uliowaponza. Terabaiti 858 ziliteketea. Sababu iliyotolewa ya kutokuwa na nakala ni kwamba shehena hiyo ilikuwa kubwa mno.

Kubwa mno? Hapa yafaa ipigwe hesabu. Terabaiti ni kipimo cha wingi wa kumbukumbu, na simu yenye nafasi ya gigabaiti 128, ambayo ni ya kawaida leo, hubeba kama sehemu moja ya nane ya terabaiti. Tangu mwaka 2021 zauzwa kaseti za utepe wa sumaku ambazo kila moja hubeba terabaiti 18. Mtu akigawanya 858 kwa 18 atapata kaseti 48 pungufu kidogo. Kaseti moja hulingana na kiganja cha mtu mzima, na unene wake ni sentimeta mbili na kitu. Kaseti 48 hutoshea katika sanduku la bati la kuruta, na nafasi hubaki ya buti na blanketi. Sanduku hilo moja, kama lingepelekwa mji mwingine na kuwekwa mahali pakavu, lingeokoa kazi ya maelfu ya watu. Ni kweli kwamba kunakili kwataka mitambo na wafanyakazi, tena kabati lile lilikuwa likibadilika kila siku, kwa hiyo nakala ya mwezi uliopita isingekuwa kamili. Lakini kupoteza kazi ya mwezi mmoja si sawasawa na kupoteza kazi ya miaka.

Tukio la pili lilitangulia hilo kwa miaka minane, na wokovu wake ulitoka Afrika. Tarehe 27 Juni 2017 programu ya uharibifu iliyoanzia Ukraine iliingia katika kompyuta za Maersk, kampuni ya meli ya Denmark ambayo makontena yake huonekana Mombasa, Dar es Salaam na katika bandari nyingi za dunia. Programu hiyo haikuja kuiba, ilikuja kuharibu. Kampuni ililazimika kutengeneza upya seva 4,000 na kompyuta 45,000, na hasara ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Kilichowatia mafundi hofu kuu kilikuwa daftari la mtandao wao, yaani orodha ya nani ni nani na nani ana ruhusa ya kufungua nini. Bila daftari hilo mashine zote hazikuweza kufahamiana. Lilikuwa na nakala zipatazo 150 zilizotapakaa duniani, na kila nakala ilizungumza na nyingine muda wote ili zipate kulingana. Hiyo ndiyo iliyokuwa kinga yao, na ndiyo iliyowaangamiza, kwani ugonjwa ulipita katika njia zile zile. Nakala zote zilifutika isipokuwa moja. Hiyo ilikuwa katika ofisi ya Ghana, nayo ilisalimika kwa sababu umeme ulikatika huko kabla ya shambulio, ikawa mashine imetoka mtandaoni. Mtandao wa Ghana ulikuwa mwembamba mno, usingeweza kupitisha shehena hiyo kwa wakati, na wafanyakazi wa huko hawakuwa na viza ya Uingereza ambako mafundi walikusanyika. Basi mmoja wao alipanda ndege hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski mkono kwa mkono uwanjani, naye huyo akaipeleka London. Habari hizi zilisimuliwa mwaka 2018 na jarida la Wired la Marekani. Wananchi wa nchi hizi, ambao hulalamika kila umeme unapokatika, na haki ya kulalamika wanayo, huenda wakatabasamu kidogo kusikia kwamba kampuni kubwa namna ile iliokolewa na giza.

Kinachojitokeza katika matukio haya ni kwamba nakala si wingi tu. Nakala zaidi ya mia zilizokuwa macho zilikufa pamoja, na moja iliyolala ikapona. Diski iliyochomolewa na kuwekwa kabatini haiwezi kuingiwa na mwizi aliye ng'ambo, wala amri ya kufuta haiifikii. Wakati huo huo haili umeme. Kwa hiyo tendo moja, la kuchomoa na kuweka, hutimiza haja zote mbili. Liko sharti moja tu ambalo halina msamaha, nalo ni kwamba nakala iliyolala isilale chumba kimoja na ile iliyo macho. Tarehe 10 Machi 2021, huko Strasbourg katika nchi ya Ufaransa, jengo moja la kampuni ya OVH liliteketea kabisa na la pili likaungua kwa sehemu. Baadhi ya wateja walikuwa wamelipia nakala za akiba, na baada ya moto wakagundua kuwa nakala hizo ziliwekwa katika uwanja ule ule. Hakuna ofisa anayeweka risasi zote za kikosi katika ghala moja. Jambo hili askari hahitaji kufundishwa na fundi wa kompyuta.

Utepe wa sumaku uliotajwa hapo juu si uvumbuzi mpya. IBM ilitoa mashine yake ya kwanza ya utepe kwa ajili ya kompyuta mwaka 1952, na wengi walidhani umekwisha kuzikwa pamoja na kaseti za muziki. Haukuzikwa. Mwishoni mwa Februari 2011 kosa la programu lilifuta barua za baadhi ya watumiaji wa Gmail, kama wawili katika kila elfu kumi. Google ilikuwa na nakala katika vituo kadhaa, lakini kosa lilizipata nazo pia, kwa kuwa zilikuwa macho. Barua zilirudishwa kutoka katika tepe zilizokuwa nje ya mtandao. Wanasayansi wa CERN, huko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, nao hutunza matokeo ya majaribio yao katika tepe, na roboti ndiyo inayozichukua rafuni zinapohitajiwa. Bila shaka mashine ya utepe ni ya bei kubwa, na si chombo cha nyumbani. Imetajwa hapa ili ionekane kwamba wakubwa wa kazi hii hawaoni aibu kutumia njia ya zamani.

Sasa umeme. Diski kubwa inayozunguka hutumia wati sita hivi. Kwa mwaka mzima hiyo ni kama yuniti 52, bila kuhesabu umeme wa kuipoza, na katika jumba moja la data diski huhesabiwa kwa maelfu. Utepe ulio rafuni hautumii yuniti hata moja, ingawa chumba chake hapana budi kiwe kikavu na kisicho na joto kali. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba mwaka 2024 vituo vyote vya data duniani vilitumia yuniti bilioni 415, karibu asilimia 1.5 ya umeme wote, na kwamba kiasi hicho chaweza kupita mara mbili ifikapo mwaka 2030. Nchini Ireland, ambako makampuni makubwa yamejenga kwa wingi, vituo hivyo vilichukua asilimia 21 ya umeme uliopimwa kwa mita mwaka 2023, zaidi ya nyumba zote za mijini. Haki itendeke: si umeme wote huo unaokwenda katika kuhifadhi. Sehemu kubwa hutumika katika kukokotoa, hasa kwa mashine hizi mpya zinazojibu maswali na kuchora picha. Na juhudi za kupunguza madhara zipo. Huko Hamina, Finland, kiwanda cha zamani cha karatasi kilichonunuliwa na Google mwaka 2009 kilifanywa kituo cha data kinachopozwa kwa maji ya bahari, na mnamo Mei 2024 ulitangazwa mpango wa kujenga kituo nchini Kenya kitakachotumia mvuke wa ardhini wa Olkaria. Ni mambo mema. Lakini yuniti iliyo rahisi kuliko zote ni ile isiyotumika kabisa.

Tena umeme si gharama pekee. Katika betri nyingi za simu na kompyuta mna kobalti, na katika tabaka jembamba la sumaku lililo juu ya sahani ya diski mna kobalti pia, na zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka Kongo, katika Lualaba na Haut-Katanga. Simu inapotengenezwa huchafua hewa kuliko itakavyochafua katika miaka yote ya kuchajiwa. Kwa hiyo anayebadilisha simu kwa sababu tu imejaa video za utani alizotumiwa kila asubuhi, hali angeweza kuzifuta kwa dakika kumi, amemrudisha mtu shimoni Kolwezi bila haja. Kufuta picha moja kwa ajili ya kuokoa umeme wa dunia ni jambo dogo lisilopimika, na wanaolihubiri hutia chumvi. Kufuta ili chombo kimoja kidumu miaka sita badala ya mitatu ni jambo kubwa.

Ni kweli kwamba chombo hufika siku ya mwisho. Hapo ndipo usalama na usafi wa nchi huonekana kweli kugombana. Mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme, na chini ya robo ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kutengenezwa upya ipasavyo. Sehemu ya takataka hizo husafirishwa hadi Afrika. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Kanada, wakitengeneza filamu ya televisheni ya Marekani, walinunua diski kuukuu katika soko la Tema, Ghana, kwa dola 40. Ndani yake walikuta mikataba ya kampuni inayoliuzia zana jeshi la Marekani. Mwenye mali alidhani ametupa chuma. Kumbe ametupa jalada.

Kwa kuogopa mambo kama hayo, ofisi nyingi huzisaga diski zao kuwa vipande, hata zilizo nzima. Usalama hupatikana, lakini madini yaliyotolewa ardhini kwa jasho hugeuka vumbi. Iko njia iliyo bora. Kumbukumbu huandikwa tangu mwanzo kwa fumbo, na ufunguo wa fumbo hukaa peke yake. Siku chombo kinapouzwa, ufunguo hufutwa, na yaliyobaki hayasomeki na mtu yeyote, kama barua ya siri ya kijeshi ambayo kitabu chake cha tarakimu kimechomwa. Diski yenyewe huendelea kutumika kwingine. Benki ya Morgan Stanley ya New York ilitozwa dola milioni 35 mnamo Septemba 2022 kwa sababu iliikabidhi kazi ya kuondoa diski zake kwa kampuni ya kuhamisha mizigo isiyo na ujuzi, na diski zenye habari za wateja zikaishia mnadani mtandaoni. Katika baadhi ya mashine zake uwezo wa kuandika kwa fumbo ulikuwamo, ila haukuwashwa kwa miaka.

Simu nyingi za leo huandika kwa fumbo zenyewe, maadam mwenyewe ameweka namba ya siri, na kuirudisha simu katika hali ya kiwandani huondoa ufunguo. Basi simu ya namna hiyo yaweza kuuzwa au kupewa mdogo wa mtu pasipo hofu kubwa, baada ya laini kutolewa na akaunti kuondolewa. Kadi ndogo ya kumbukumbu haimo katika hesabu hiyo. Aghalabu haina fumbo, na yeyote atakayeichomeka ataisoma. Kadi hiyo haiuzwi.

Kwa familia, mpango ufaao si mgumu wala wa gharama. Iwepo nakala iliyo macho, ambayo ni simu yenyewe au akaunti ya mtandaoni. Iwepo ya pili iliyolala, katika flashi au diski ya nje, sandukuni. Na iwepo ya tatu iliyolala mbali, kwa bibi wa watoto au kwa kaka wa baba aliye mkoa mwingine, ambaye hatauliza maswali mengi wala hataazima flashi kuwekea nyimbo. Nyaraka zote za nyumba moja, zikipigwa picha vizuri, hazijazi hata flashi ndogo. Ni video ndizo zinazokula nafasi. Karatasi za asili zisitupwe. Afisi nyingi bado hudai karatasi yenyewe, tena karatasi nayo ni nakala iliyolala, haihitaji chaja.

Flashi, hata hivyo, si jiwe. Kumbukumbu zake zimeshikwa na chembe za umeme ambazo huvuja polepole, na joto la paa la bati huongeza kuvuja huko. Yafaa ichomekwe walau mara moja kwa mwaka, majalada yafunguliwe na kutazamwa kwa macho, na baada ya miaka michache yahamishiwe flashi mpya. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haijulikani kama ni nakala. Familia zaweza kuchagua siku ambayo haisahauliki, kwa mfano shule zinapofungwa mwisho wa mwaka na watoto wakubwa wapo nyumbani, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wajuao kazi hii kuliko baba. Kuchapisha na kunakili katika vibanda vya mjini kufanyike kwa hadhari, maana jalada lililofunguliwa huko huenda likabaki katika kompyuta ya kibanda, na virusi vya kibanda vikarudi nyumbani ndani ya flashi.

Kwa askari na polisi pana mpaka ambao hauna mjadala. Flashi ya nyumbani isichomekwe katika kompyuta ya kazini, na jalada la kazini lisiingie katika flashi ya nyumbani. Mwaka 2008 flashi moja iliyochomekwa katika kompyuta ya jeshi la Marekani, Mashariki ya Kati, ilileta programu ya kijasusi iliyoenea hadi katika mitandao ya siri, na Novemba mwaka huo flashi zikapigwa marufuku jeshini humo. Naibu Waziri wa Ulinzi, William Lynn, alilithibitisha jambo hilo hadharani mwaka 2010. Kama jeshi lenye fedha nyingi kuliko yote duniani liliingiliwa kwa kijiti chenye ukubwa wa kidole, sembuse kituo cha polisi cha wilaya.

Limebaki jambo ambalo familia nyingi hazipendi kulitaja. Askari hufa. Akifa, mjane wake hutakiwa kupeleka nyaraka: namba ya kazi, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati za mshahara. Ikiwa zote zimo ndani ya simu iliyofungwa kwa kidole cha marehemu, lile fumbo lililosifiwa hapo juu humgeukia mwenye haki. Fundi wa mtaani atachukua fedha na aghalabu hatafungua kitu, kwa sababu fumbo halimjui mjane wala halimhurumii. Mjane ataanza kuzunguka ofisi hadi ofisi, akiwa na mtoto mgongoni, kutafuta nakala za vitu ambavyo mumewe alivitunza vizuri kabisa.

Dawa yake hupatikana angali mtu yu hai. Mke ajue namba ya siri, na mume ajue ya mkewe, kwa kuwa mama naye ni mtunza nyaraka na yeye pia ni wa kufa. Wasiotaka kuambiana, na hiyo ni hiari yao, waiandike katika karatasi, waitie katika bahasha, waifunge kwa gundi na kuiweka kwa mzee anayeaminika na pande zote mbili. Bahasha na flashi visikae kwa mtu mmoja. Google tangu mwaka 2013 humruhusu mwenye akaunti kutaja mtu atakayepewa kumbukumbu zake iwapo akaunti itakaa kimya kwa muda aliouchagua, na Apple iliweka utaratibu wa mrithi wa akaunti mwishoni mwa mwaka 2021. Jambo hilo hufanywa ndani ya simu, katika mipangilio ya akaunti, na halina malipo. Anayetegemea mtandao peke yake ajue vilevile kwamba tangu Desemba 2023 Google ilianza kufuta akaunti ambazo hazikufunguliwa kwa muda wa miaka miwili. Mjane anayesubiri mafao huku mambo yakivutana ofisini aweza kuvuka muda huo bila kujua, na picha za arusi zikaondoka pamoja na vyeti.

Na simu mbovu yenye betri iliyovimba isitiwe katika sanduku lile lile lenye flashi na karatasi, hata ikiwa ni ukumbusho wa mpendwa. Betri iliyovimba yaweza kuwaka yenyewe. Isitobolewe, isichajiwe tena, bali itengwe mbali na nguo na watoto hadi itakapofikishwa kwa fundi au kituo kinachopokea betri kuukuu.